Tagi Nambari Tatu na Mume wa Mwanapili

Nianze kwa kusema kweli, maana mwishowe mtanijua tu: mimi Fauzia ni mdaku. Jambo likitokea hapa Ramisi nikawa wa pili kulisikia, siku hiyo chakula hakinishuki. Kwa hivyo msije mkadhani nilifuatana na Mwanapili kuitafuta ile tagi kwa wema wa moyo. Nilitaka kujua. Miaka thelathini na saba nilitaka kujua, na yeye alitaka kunishinda, ila yeye alikuwa na haki.

Mwanapili ni jirani yangu, nyua zetu zimeshikana. Ana miaka sitini na mitatu, mrefu, mwembamba, na kazi yake ni kushona makuti. Mahoteli mangapi ya Diani yameezekwa kwa mikono yake, hilo hatalisema yeye, nalisema mimi. Huketi chini kwenye jamvi, anakunja ukuti juu ya ufito, anashona, anakunja, anashona, na mdomo nao unafanya kazi yake. Mnunuzi akija na bei ya kumpunja, anarudishwa barabarani hata salamu hazijaisha. Mimi mwenyewe amenifukuza uani kwake si mara moja, na kesho yake nimerudi, maana nisipokwenda kwake nitakwenda kwa nani?

Hasira zake zilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni mumewe, Matano, nahodha wa tagi nambari tatu.

Watoto wa leo hawajui mambo ya tagi, basi nieleze. Kiwanda cha sukari cha zamani kilikuwa na mfereji, umechimbwa kwa majembe kutoka kiwandani, ukapita katikati ya mikoko mpaka gatini, karibu na mdomo wa mto. Sukari ilishuka kwa matishari, yale mabapa makubwa ya chuma yasiyo na injini, na za kuyavuta zilikuwa tagi tatu. Vilikuwa viboti vya chuma vyembamba, mtu akisimama katikati akinyoosha mikono anagusa ubavu huu na ubavu huu. Vilifanywa vyembamba kwa sababu mfereji wenyewe ulikuwa mwembamba, hata tagi mbili zikikutana, moja ilibidi irudi nyuma, na manahodha walitukanana hapo mpaka mmoja akubali. Matano hakuwa wa kukubali upesi. Nadhani ndiyo maana walipatana na Mwanapili.

Mwaka wa themanini na nane kiwanda kilikuwa kinakata roho. Siku moja baada ya alasiri Matano alitoka na nambari tatu kwenda kulichukua tishari la mwisho gatini. Tishari lilibaki palepale. Matano hakufika gatini, wala hakurudi, wala tagi yenyewe haikuonekana tena.

Tuliitafuta, tusiseme uongo. Mfereji ulipitwa kwa mtumbwi mara moja, hakikuonekana kitu, kisha wanaume wote wakatoka mdomoni mwa mto. Walikwenda Funzi, wakateremka Majoreni, wakafika mpaka Vanga wakiuliza. Sisi watu wa pwani ndivyo tulivyo, chombo kikipotea macho yetu yote yanakimbilia baharini. Hakuna aliyegeuka kutazama nyuma.

Mwanapili ndiye aliyekuwa na hesabu yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa miaka mitatu, na aliisema hesabu hiyo kwa kila mtu. "Tagi ile haiwezi bahari," alisema. "Wimbi la kwanza linailaza. Ikiwa imetoka nje, mume wangu amekufa na mimi ni mjane. Ikiwa haikutoka, iko mahali, na aliyeiuza naye yuko mahali, na mimi nimeachwa. Nionyesheni tagi, nitajua mimi ni nani."

Wiki ya tatu ikaja habari kwamba Matano ameonekana Tanga. Yuko sokoni, mzima, mnene, na mwanamke. Basi hapo kutafuta kukaisha. Tagi ameipitisha pwani pwani usiku shwari, wakasema watu, ameiuza, ameoa. Hata wale waliokuwa wamemwombea dua walinyamaza kwa aibu.

Tangu hapo Matano akawa chakula cha ulimi wa Mwanapili. Idi, Maulidi, harusi ya mtu, paa likivuja, kuku akiibwa, Matano anatukanwa. Alikwenda Tanga mara mbili kwa miguu yake kumsaka, akarudi na vumbi tu. Watu walimshauri aende kwa kadhi ndoa ivunjwe, aolewe, na wachumba walikuja, mmoja alikuja mara mbili. Aliwarudisha wote. "Nikiwa nimeachwa, nataka nijue nimeachwa," alinijibu siku moja. "Nikiwa nimefiwa, nataka nijue nimefiwa. Siolewi nikiwa katikati." Na katikati hapo ndipo alipokaa. Msibani wajane wakiketi pamoja, yeye husimama jikoni kwenye masufuria, kwa kuwa hakujua kama mahali pale panamhusu.

Mwaka jana mwezi wa Agosti akaja Cynthia. Nilimwona mimi kwanza, bila shaka. Msichana wa bara anayeishi Ukunda, suruali ya jinzi, mkoba mgongoni, anakusanya habari za mashine za kale za pwani ili wazifanyie maonyesho. Aliingia ua wa Mwanapili akasema, "Sasa, Mama!"

"Shikamoo imekufa huko kwenu?" Mwanapili akamuuliza bila kuinua macho.

"Ai, pole sana, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, keti useme."

Cynthia akatoa picha. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, tagi tatu zimepangwa kwenye mfereji, nambari zimepakwa rangi puani. "Hizi boti ni special sana," akasema. "Hakuna zingine kama hizi hii coast yote. Nataka kujua ziliishia wapi, zote tatu. Hata kama zilienda skrapu ni sawa, bora tujue tu."

Mwanapili aliishika picha mbali na uso, maana macho yake ya karibu yamechoka. Akanyamaza. Mwanapili kunyamaza! Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uwazi wa ua, nikasahau hata kujifanya nina shughuli.

"Ya pili najua ilipo," akasema mwisho. "Ya kwanza nimesikia. Ya tatu ukinipatia, mwanangu, nakushonea makuti ya nyumba nzima, sitaki hata senti." Kisha bila kugeuka akaongeza, "Na wewe Fauzia ingia ndani, utavunja ua."

Ndivyo tulivyoanza. Tagi ya pili ilikuwa Majoreni, na Majoreni hatukuikuta tagi, tulikuta vipande vyake. Ilikatwa siku nyingi. Ubavu mmoja umekuwa lango la nyumba, mwingine umefunika shimo la maji, na bamba la chini mama mmoja amelikunja akalifanya karai la kukaangia viazi. Cynthia alifurahi kuliko mtu aliyepata dhahabu. Alipiga picha lango, akapiga picha shimo, akapiga picha karai na viazi vyake, akala viazi. Mwanapili alikuwa anamtazama kwa mshangao. "Huyu ana wazimu," akaninong'oneza, "lakini ni wazimu wa adabu."

Ya kwanza, injini yake ilikuwa Lunga Lunga, inasaga unga. Mwenye kinu anaitwa Chome, mtu mfupi mwenye nyusi nyeupe za unga, na injini ile anaipenda mno. Alituambia tukae mbali, akaizungusha kwa mkono wa chuma, ikakohoa mara mbili, kisha ikashika: tu, tu, tu, tu, polepole, nzito, mpaka kifua kinatikisika.

Mwanapili alikuwa ameziba masikio. Akayaachia.

"Ndiyo sauti yake," akasema. "Zote tatu zililia hivi. Alikuwa akirudi naisikia kabla hajafika kona ya kambi ya wafanyakazi tulikokaa, naanza kumtekea maji ya kuoga." Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akamtukana Matano tusi ambalo Chome alilisikia juu ya kelele za injini akageuka.

Mashine ilipozimwa, Cynthia akawa anaikagua na tochi ya simu. Yeye ndiye aliyegundua. Kila kifaa kilikuwa kimepigwa nambari moja kwa nyundo na muhuri wa chuma, kwa sababu mafundi wa kiwanda hawakutaka vifaa vya tagi hii vichanganyike na vya ile. Lakini pampu ya dizeli ilikuwa na nambari tatu.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

"Ya asili ilikufa, kama miaka kumi na miwili sasa," akasema Chome. "Nilihangaika. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Mduruma, Ndavaya, ati ana injini ya namna hii imelala chini ya turubali. Akaniuzia pampu."

"Ndavaya?" Mwanapili akaja juu. "Ndavaya ya wapi? Ndavaya hakuna maji ya kumzamisha kuku! Tagi imefikaje Ndavaya?"

"Mama, mimi nilinunua pampu, sikununua habari."

Hebu fikirini. Sisi tumetazama baharini miaka thelathini na saba, tumeuliza wavuvi wa Vanga, mtu amekwenda Tanga mara mbili, na kitu chenyewe kiko bara kwa wafugaji, kwenye nchi kavu ambayo mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuiangalia. Usiku ule sikupata usingizi, si kwa huzuni, kwa hamu tu. Nani ameipandisha? Kwa njia gani? Na Matano je?

Siku ya kwenda Ndavaya nilikuwa nimeshaketi kiti cha nyuma cha gari la Cynthia kabla mtu hajanialika. Mwanapili akaja amevaa leso mpya, pea yake haijafuliwa hata mara moja. Gari lote likanukia udi.

"Huyo wa kutukanwa anafukiziwa udi?" nikamuuliza.

"Funga domo lako, Fauzia."

Nikalifunga. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atamkuta Matano ana wajukuu, akasema. Atamsalimia kwanza, kwa heshima zote, atauliza hali ya mkewe, kisha atamvua nguo mbele ya ukoo mzima. Maneno aliyapanga vizuri, lakini mikono yake ilikuwa inarekebisha leso kila dakika, na mimi niliyaona yote mawili. Alikuwa anakwenda kumwona mumewe. Nilimwonea huruma sana siku ile.

Mji tulioelekezwa ulikuwa na nyumba nne, zizi la miiba, na bwawa dogo la kukusanyia maji ya mvua. Kando ya bwawa ng'ombe kama kumi walikuwa wanakunywa kwenye hori, wamejipanga mistari miwili wakitazamana. Hori refu, jembamba, la chuma. Sikulijua mara moja. Cynthia alilijua. Alitupa mkoba chini akakimbia katikati ya ng'ombe, mtoto wa watu, akachutama mwisho wa hori akakwangua kutu kwa kucha.

"Ni tatu!" akapiga kelele. "Ni nambari tatu! Ni hii!" Akawa anarukaruka, ng'ombe wakamkimbia.

Tagi ilikuwa imekatwa sehemu yote ya juu, imefukiwa nusu ardhini isipinduke, imejazwa maji. Mwanapili alisogea taratibu. Akasimama ubavuni, akainama juu ya maji yale ya matope, akanyoosha mikono yote miwili akashika kingo. Zikamtosha.

Mwenye mji akatoka, mzee mrefu amejifunga shuka, fimbo mkononi. Tulimwamkia, akaitikia, akatuambia anaitwa Mangi. Cynthia alianza kumwaga maswali, ilikuja mwaka gani, ilikuwa na uzito gani, Mwanapili akamkatiza.

"Mzee wangu, nani alikuuzia chombo hiki?"

Mangi akamtazama. Akaangalia leso, akaangalia uso. "Wewe ni nani kwake?"

"Mkewe."

Yule mzee akaketi. Hapakuwa na kiti, aliketi chini kwenye mavumbi, akalaza fimbo mapajani. "Hakuniuzia mtu, mama," akasema. "Tuliichukua. Mwenyewe alikuwa amekufa."

Nitayaeleza maneno yake kama alivyoyasema, maana sikusahau hata moja. Yeye na nduguye Ziro, ambaye sasa ni marehemu, walikuwa wakata miwa kiwandani. Asubuhi moja waliingia mikokoni kukata boriti za kujengea. Kwenye kijito cha pembeni, mahali mikoko imefunika hata mtu akipita mfereji haoni, wakaikuta tagi nambari tatu, pua imeingia kwenye mizizi, injini imezima, mkondo umeisukuma humo. Kamba ya kuvutia ilikuwa imejizonga kwenye rafadha, ile feni ya chini inayosukuma chombo. Nahodha alikuwa nyuma yake, ndani ya maji, kisu mkononi. Aliteremka kuikata kamba, ikamshika mguu, maji yakajaa naye yuko palepale.

"Ulikuwa mwendo wa kufika kambini tu," akasema Mangi. "Angepiga kelele mchana angesikiwa. Sijui kama alipiga."

"Kwa nini hamkusema?" Cynthia akauliza.

"Sisi watu wa bara, wageni. Kiwanda kinafungwa, kila mtu anamwita mwenziwe mwizi. Tutoke mikokoni na maiti ya nahodha na chombo cha watu, nani atatuamini? Ziro akasema, tumzike tuondoke. Tukamzika. Tukafikiri watakaotafuta wataiona tagi, watamwona na yeye, sisi hatumo. Hawakuiona. Walikuwa baharini. Wiki ya tatu kambi nzima ikawa inasema nahodha yuko Tanga. Ziro akaniambia, basi hatafutwi tena. Nyumbani kulikuwa na kiangazi, ng'ombe wetu wanakunywa kwenye ndoo. Tukaazima trekta na trela la miwa, tukaikokota tagi usiku mpaka juu ya trela, tukaifunika kwa majani ya miwa, tukapanda nayo. Njiani hakuna aliyetuuliza. Nani auliziaye majani?"

Wiki ya tatu. Aliposema hivyo nilitamani ardhi ipasuke. Sasa nyinyi msomao mjue, kwa kuwa sina pa kujificha: habari ya Tanga ni yangu. Marehemu mume wangu Sefu alikuwa akienda na malori, akarudi siku moja akaniambia amemwona sokoni Tanga mtu kama Matano, kwa mbali, kwa mgongo. Mimi nilikwenda kisimani pale kambini asubuhi na ndoo yangu, na kufika pale hakukuwa tena na "kama", hakukuwa na mgongo. Mwanamke nilimtia mimi mwenyewe, ili habari ikamilike. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na kila mtu kisimani alikuwa ananisikiliza. Kwa ndoo moja ya maji niliuzima msako, nikampa mtu mzima mke asiye wake, naye yuko kwenye tope, mwendo mfupi kutoka kisima kile.

Mwanapili alikuwa bado ameshika kingo za hori. "Mlimlazaje?" akauliza.

"Ubavu wa kulia," akasema Mangi. "Tulikuwa tumewaona mkizika kambini. Tulimwelekeza upande ule msikiti wa kambi ulikoelekea. Sanda hatukuwa nayo. Tulimfunga shuka ya Ziro, ilikuwa mpya. Zaidi ya hapo hatukujua, mama. Kila mwanamke mgeni akiingia mji huu mimi nadhani ndiye wewe. Leo ndiye wewe."

Mwanapili akatikisa kichwa polepole. "Nimemtukana," akasema. Akatugeukia sisi, mimi na Cynthia, kama anataka tumkatalie. "Miaka thelathini na saba nimemtukana maiti. Kila siku. Yeye amekufa kazini kwake na mimi namtukana!" Kisha akalia, kilio cha msibani chenyewe, cha sauti, mikono kichwani, na wake wa mji ule wakatoka nyumbani mwao wakaja wakamshika bila kuuliza kisa. Cynthia alizima simu yake akaitia mkobani.

Kabla hatujaondoka, Cynthia alitaka kujua, kwa adabu na kwa kusitasita, kama tagi inaweza kununuliwa ipelekwe kwenye maonyesho. Mangi alisema mwenye haki ya kuamua ni mwingine, akamtazama Mwanapili. Mwanapili alipangusa uso kwa leso yake mpya. "Iacheni," akasema. "Wanyama watakunywa wapi? Wewe piga picha, uandike kwamba nahodha wake hakuiba."

Wiki iliyofuata Mangi aliteremka Ramisi. Mfereji siku hizi si mfereji, umejaa tope na nyasi, mtoto anauruka. Lakini nguzo za zege za kiwanda zingalipo, na mzee yule alihesabu nguzo, akaingia mikokoni akiwa amekunja shuka, sisi nyuma yake, mpaka mahali penye ardhi iliyoinuka kidogo. Akasimama. Mawe matatu ya matumbawe yalikuwa yamepangwa mstari, yamezama, huwezi kuyajua kama hukuyaweka wewe. Ustadh Luqman wa msikiti wetu alikuja na wanaume wanane, wakamswalia Matano hapo, kaburini kwake. Baadhi yao walikuwa katika ule mtumbwi wa mwaka ule. Mmoja alilia zaidi ya Mwanapili.

Dua ilipoisha Mwanapili akamwendea Luqman. "Ustadh, eda yangu naanza leo? Nimeshanunua nguo nyeupe."

Luqman ni kijana mpole, alikohoa kwanza. "Bi Mwanapili, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya kupata habari. Yako iliisha mwaka ule ule. Huna deni la eda."

"Iliisha mwaka ule ule."

"Naam. Miezi minne na siku kumi."

"Kwa hivyo nilikuwa mjane, halali yangu, nina miaka ishirini na sita. Na wale waliokuja kuniposa?"

"Ungeweza kuolewa, mama."

"Yule aliyekuja mara mbili, naye?"

"Naye."

"Makubwa," akasema Mwanapili. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akasema tena, "Makubwa haya."

Wanaume wakatangulia kurudi pamoja na Mangi. Cynthia akaenda nao, nadhani alijua atuache. Tukabaki wawili, Mwanapili amechutama anang'oa majani kuzunguka yale mawe, kwa haraka, kama afanyavyo kazi zake zote. Mimi niko nyuma yake. Ningeweza kunyamaza. Sefu amekufa, waliokuwa kisimani siku ile wengi wamekufa, hakuna wa kunisema. Na nilijua nikisema, ua wake nitaufungiwa, safari hii kweli.

"Mwanapili," nikasema. "Ile habari ya Tanga niliitoa mimi. Sefu aliona mtu kwa mgongo, akasema kama Matano. Mwanamke nilimtia mimi. Hakukuwa na mwanamke. Nisamehe, ndugu yangu."

Mkono wake ukasimama kwenye majani. Hakugeuka. Nilijiweka tayari kwa tusi, wallahi nililitamani, maana tusi lake nalijua, nimelizoea, lingeniondolea.

Halikuja. Aliinuka, akapangusa mikono, akanitazama kwa muda kana kwamba ananitafuta mahali usoni mwangu.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwa hai, nilikuwa na mdomo, nilijitetea. Mwambie yeye."

Akasogea kando, akanipisha.